Kentucky ni jekundu kiasi gani? Tuwekeane hesabu mezani

#1 Mdau_Jefferson
Wakuu, salaam.

Kila uchaguzi wa Marekani ukipita, ndugu zetu wa Minneapolis na Boston wanawapigia walioko Kentucky simu za pole utadhani kuna msiba. "Mnaishije huko kwa wabaguzi?" Mtoto wa familia iliyotoka Uvira, kazaliwa Louisville, kwao ni Kentucky, akienda chuo jimbo jingine anaulizwa kama kwao watu wanavaa viatu.

Hoja yangu: lebo hiyo ya "jimbo jekundu", yaani la Warepublican, ni ya uvivu. Jimbo hili lilimchagua gavana Mdemokrat, Andy Beshear, mwaka 2019 na likamrudisha 2023. Mwaka 2022 wapiga kura walikataa kuandika kwenye katiba ya jimbo kwamba hakuna haki ya kutoa mimba, 52.3 kwa 47.7. Mwaka 2024 wakakataa fedha za umma kwenda shule binafsi. Jekundu la aina gani hilo?

Sharti la uzi ni moja: leteni hesabu. Hadithi za "mimi na jirani yangu" zina uzi wake.

#2 Nyota_ya_Kaskazini
Mkuu, unachagua minofu unaacha mifupa. Trump alipata asilimia 62 huko mwaka 2020 na zaidi ya 64 mwaka 2024. Kaunti ziko 120, na mara zote mbili Wademokrat waliambulia mbili tu: Jefferson na Fayette, yaani Louisville na Lexington. Seneta wenu Mrepublican, Mitch McConnell, aliingia Seneti 1985. Simu za pole zitaendelea. 😂

#3 BintiUvira_Lex
Naunga mkono hoja ila nisahihishe #1 kabla watu hawajaisambaza kwenye magrupu. Kukataa yale marekebisho ya 2022 hakukuhalalisha utoaji mimba. Bunge lilishapitisha mwaka 2019 sheria ya kupiga marufuku utoaji mimba, iliyowekwa kusubiri, ikaanza kuuma 2022 baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani. Kura ya "Hapana" iliacha tu mlango wa mahakama wazi. Marufuku ilibaki palepale. Mtu akisoma ulivyoandika atadhani hali ilibadilika kesho yake.

#4 Mdau_Jefferson
Asante dada, nimesahihishika.

#5 Mzee_wa_Bluegrass
Vijana, rangi ya jimbo msiisome kwenye ramani. Isomeni kwenye karatasi moja ya kura ya siku moja. Novemba 2019 Beshear alipata kura 709,890, Matt Bevin, Mrepublican aliyekuwa gavana, akapata 704,754. Tofauti 5,136. Siku ileile, kwa wapiga kura walewale, Warepublican walichukua nafasi nyingine zote tano za jimbo zima: mwanasheria mkuu, katibu wa jimbo, mkaguzi, mhazini na kamishna wa kilimo. Daniel Cameron peke yake alikaribia asilimia 58 kwenye uanasheria mkuu.

Maana yake kuna watu kwa maelfu waliomruka Bevin, wakashuka mistari michache, wakatia wino kwa Cameron. Hao huwezi kuwapaka rangi moja.

#6 Kipanga_TX
Mzee heshima yako, lakini maelezo ni mepesi kuliko hayo. Uchaguzi wa gavana Kentucky unafanyika mwaka wenye namba witiri, kabla ya ule wa rais. Watu hawajitokezi. Angalia: mwaka 2020 Biden alipata kura 772,474 Kentucky, akashindwa vibaya. Beshear mwaka mmoja kabla alishinda kwa 709,890. Aliyeshindwa ana kura nyingi kuliko aliyeshinda! Trump alipata 1,326,646. Weka pembeni za Bevin, unabaki na watu zaidi ya laki sita ambao 2019 hawakumpa Bevin kitu, na wengi wao walikuwa wamelala nyumbani tu. Sasa hapo mnasifia uungwana wa wapiga kura au usingizi wao?

#7 Mzee_wa_Bluegrass
Kipanga, hesabu zako ni sahihi ila hazijibu nilichosema. Kutojitokeza kunaeleza tofauti kati ya 2019 na 2020. Hakuelezi tofauti kati ya Bevin na Cameron ndani ya karatasi moja. Aliyelala nyumbani amewalalia wote wawili.

#8 Chifu_Kuku
Mimi nimekuja kuuliza kuhusu kuku tu. Endeleeni.

#9 Mwl_Owensboro
Jibu la #7 lina jina: mswada wa maji taka.

Machi 2018 bungeni Frankfort kulikuwa na mswada SB 151 unaohusu huduma za maji taka. Wakafuta maneno yote ya ndani, wakaweka mabadiliko ya pensheni za walimu na watumishi wa umma, wakapitisha siku hiyohiyo. Katiba ya Kentucky inataka mswada usomwe siku tatu tofauti katika kila baraza la bunge. Wao walihesabu usomaji wa maji taka kuwa ndio usomaji wa pensheni. Walimu wakaugua kwa pamoja (mnanielewa), shule zikafungwa kaunti nyingi. Desemba 2018 mahakama ya juu ya jimbo ikaufuta. Aliyekwenda mahakamani kuupinga alikuwa mwanasheria mkuu wa wakati ule. Nani? Andy Beshear. Bevin badala ya kunyamaza akawatolea walimu maneno.

Vijijini wilaya ya shule mara nyingi ndiyo mwajiri mkubwa. Ukimtukana mwalimu umemtukana pia dereva wa basi, mpishi, na mama mkwe wa kila mtu.

#10 Nyota_ya_Kaskazini
Kwa hiyo walimkataa Bevin, hawakumkubali Mdemokrat. Nimeshinda. 😎

#11 BintiUvira_Lex
Hujashinda. Mwaka 2023 Bevin hakuwepo. Mpinzani alikuwa Cameron yuleyule aliyepeta 2019, na Beshear akamwacha kwa kura kama 67,000, asilimia 52.5 kwa 47.5. Akachukua hata Letcher na Perry, kaunti za milimani mashariki ambako Trump mwaka 2020 alizoa zaidi ya asilimia 70.

#12 Kipanga_TX
Letcher na Perry zilipigwa na mafuriko ya Julai 2022. Gavana alionekana huko mara kwa mara. Na upande wa magharibi kimbunga cha Desemba 2021 kiliifyeka Mayfield, napo alikuwepo. Hiyo ni siasa ya maafa. Ongeza jina: baba yake, Steve Beshear, alikuwa gavana 2007 hadi 2015, ndiye aliyepanua Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo. Jina la baba ni mtaji.

#13 Mwl_Owensboro
Jina la baba lilikuwepo pia 2019 akapita kwa tundu la sindano.

#14 Juma_wa_Makaa
Mnazunguka. Tatizo la lebo ni kwamba inawaza watu wa milimani walizaliwa na kadi za Republican. Kaunti ya Elliott iliundwa 1869, na kutoka hapo ilimpigia mgombea urais wa Democratic kila uchaguzi, bila kukosa, hadi 2016 ilipokwenda kwa Trump. Karibu miaka 150. Harlan ndiko wachimba makaa walikopigana na kampuni na polisi mwaka 1931, wakagoma tena 1973 na 1974. Chama chao cha wafanyakazi kilikuwa ndicho chama cha siasa. Migodi ilipofungwa, ofisi ya chama cha wafanyakazi ikafungwa, na mtu wa kukuambia Jumanne ya uchaguzi umpigie nani hakuwepo tena. Aliyebaki ni mchungaji na televisheni.

#15 Dada_Mwema
Na mchungaji asilaumiwe kila kitu. Mwaka 2015 dunia nzima ilimwona Kim Davis, karani wa kaunti ya Rowan aliyegoma kutoa vyeti vya ndoa za jinsia moja, akalala jela siku tano. Kila gazeti likasema "Kentucky ya Warepublican". Mama yule alichaguliwa 2014 kwa tiketi ya Democratic! Alihamia Republican baadaye mwaka uleule wa sakata. Hapo ndipo lebo inapochekesha.

#16 Kipanga_TX
Hiyo nilikuwa siijui. Mkono.

#17 Mzee_wa_Bluegrass
Na sababu ya Davis kuwa Democratic ni hiyohiyo ya Elliott. Wageni wengi hawaelewi daftari la wapiga kura la huku, ngoja niliweke vizuri.

Kura za mchujo Kentucky ni za wanachama tu. Kaunti nyingi za vijijini, kwa miaka mingi, kazi zote za maana (shefu, karani, mkuu wa jela ya kaunti ambaye naye huku anachaguliwa kwa kura, na yule "jaji mtendaji" ambaye hahukumu kesi yoyote, ni kama mwenyekiti wa halmashauri) ziliamuliwa kwenye mchujo wa Democratic mwezi Mei. Novemba palikuwa na jina moja tu. Kwa hiyo mtu alijiandikisha Democratic ili apate sauti kwa shefu, halafu kwenye urais anampa Reagan, Bush, yeyote. Ndiyo maana Warepublican walikuja kuwazidi Wademokrat kwenye daftari Julai 2022 tu, ilhali urais walikuwa wanashinda zamani.

Ukitumia daftari kupima imani za watu umepotea. Ukitumia urais peke yake nako umepotea, ila kwa upande mwingine.

#18 Mgeni_wa_Bowling_Green
Mzee swali la kiutendaji. Mtu kapata uraia mwaka huu, akijiandikisha Republican ili apige mchujo wa shefu, Novemba analazimika kumpigia Republican?

#19 Mzee_wa_Bluegrass
Hapana kijana. Novemba unampigia umtakaye. Chama kwenye daftari kina kazi Mei tu. Zingatia haya:

Kubadili chama mwisho ni 31 Desemba ya mwaka kabla ya mchujo. Watu wanakumbuka Aprili, wakati mlango umeshafungwa miezi minne. Asiye na chama chochote Mei anapewa karatasi ya majaji na nafasi zisizo za vyama, kama zipo. Kujiandikisha kwa mara ya kwanza ni suala jingine, daftari linafungwa wiki nne kabla ya kura. Unakagua jina lako kwenye tovuti ya jimbo ya GoVoteKY, na kagua chama pia, maana karani akikosea kisanduku utagundua Mei ukiwa mbele ya meza.

Vituo ni saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, vinafungwa mapema kuliko majimbo mengi. Anayetoka kazini saa 11 na nusu asijidanganye. Ila ukiwa kwenye foleni saa 12 ikigonga, unapiga.

#20 Dada_Mwema
Kuna upigaji wa mapema pia, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kabla ya siku yenyewe, bila kutoa sababu. Sheria ya 2021. Ilipitishwa na bunge la Republican, ikasainiwa na gavana Democratic. Wenye simu za pole waandike hiyo nayo.

#21 BintiUvira_Lex
Na kwa ndugu zangu wenye green card, tafadhali. Mkienda kuchukua leseni ya udereva mtaulizwa kama mnataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu ni HAPANA hadi siku ya kiapo cha uraia. Kuna anayejibu "yes" kwa adabu tu, hajaelewa swali. Fomu N-400 ya uraia inauliza kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na hapo ndipo faili linapokwama. Mwaka 2024 wapiga kura wa Kentucky waliongeza hata kwenye katiba kwamba ni raia tu, lakini kosa hilo lilikuwa kosa tangu zamani.

#22 Nyota_ya_Kaskazini
Haya dada, hilo ni la wote hata sisi wa Minnesota. Turudi kwenye ubishi. Mnasema wapiga kura ni mchanganyiko. Mbona bunge lenu ni 80 kwa 20? Baraza la wawakilishi viti 100, uchaguzi wa 2022 na wa 2024 Warepublican walipata 80. Huo mchanganyiko uko wapi?

#23 Mdau_Jefferson
Mipaka, mkuu. Chukua mfano wa ramani ya 2022 ya majimbo ya uchaguzi ya Congress, bunge la taifa. Jimbo la 1 linaanzia kaunti ya Fulton kwenye mto Mississippi, linatambaa mpakani na Tennessee, halafu linakunja mkia kupanda hadi Frankfort, mji mkuu wa jimbo. Zaidi ya maili 200, na Fulton na Frankfort hazimo hata kwenye saa moja. Kazi ya mkia ule ni kuutoa mji mkuu kwenye jimbo la 6 la Lexington, maana Frankfort ikikaa na Lexington jimbo la 6 linakuwa la ushindani. Gavana aliikataa ramani kwa kura ya turufu. Bunge likampindua, yaani likaipitisha bila yeye.

#24 Kipanga_TX
Kumpindua si inataka theluthi mbili?

#25 Mzee_wa_Bluegrass
Kentucky haitaki. Wingi wa kawaida tu: 51 kati ya 100, na 20 kati ya 38 kwenye Seneti. Gavana wa huku akikataa mswada ni kama mgeni kukataa chai, itamiminwa tu. Na Desemba 2023 mahakama ya juu ya jimbo ikaziacha ramani zisimame.

Lakini Mdau usiibebeshe mipaka mzigo wote. Democratic walishikilia baraza la wawakilishi hadi uchaguzi wa 2016, na ramani walizopoteza nazo hazikuwa hizi za 2022. Na Wademokrat wamejirundika wenyewe Louisville na Lexington. Hata ukimpa malaika rula achore, 80 zitapungua, hazitageuka 50.

#26 Juma_wa_Makaa
Anachosema mzee ni kweli, na kinawauma watu wa mjini. Kuna lebo ya pili haijatajwa: kule milimani wanaambiwa watu wa Louisville "si Kentucky". Dharau inakwenda pande zote.

#27 Msomi_wa_Kale
Lebo kongwe zaidi ni ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kila mtu anajua Kentucky ilijitenga na kupigania utumwa.

#28 Mwl_Owensboro
Msomi, hakuna anayejua hivyo kwa sababu sivyo ilivyokuwa. Kentucky ilijitangaza isiyo na upande 1861, kisha ikabaki upande wa Muungano, yaani serikali ya Lincoln. Wanajeshi weusi kutoka Kentucky walioingia jeshi la Muungano ni 23,703, ni Louisiana tu iliyotoa zaidi. Wengi waliandikishwa Camp Nelson.

#29 Msomi_wa_Kale
Na ile serikali ya Waasi ya Bowling Green?

#30 Mwl_Owensboro
Kundi lililokutana Russellville Novemba 1861, likajiita serikali, likapokelewa na Waasi wa kusini Desemba. Halikuwa bunge halali. Ila nikupe silaha unayoistahili: kwa kuwa Kentucky haikuasi, tangazo la Lincoln la 1863 la kuwaachia huru watumwa halikuwagusa wa huku. Na Marekebisho ya 13 ya kufuta utumwa, bunge la Kentucky liliyakataa Februari 1865, likaja kuyaridhia 1976. Lincoln kazaliwa hapahapa karibu na Hodgenville, 1809. Jefferson Davis, rais wa Waasi, kazaliwa hapahapa Fairview, 1808. Chagua rangi.

#31 Dada_Mwema
1976!! Muhammad Ali alikuwa ameshapigana Kinshasa.

#32 Juma_wa_Makaa
Ali wa Louisville huyo. Wakongo wa huku hilo hawaambiwi mara mbili.

#33 Mgeni_wa_Bowling_Green
Naomba namna ya kumjibu shemeji wa Boston bila kuandika uzi mzima.

#34 Mzee_wa_Bluegrass
Tengeneza jedwali la kaunti yako, linachukua nusu saa. Ingia kwenye matokeo rasmi ya bodi ya uchaguzi ya jimbo, chukua kaunti moja, safu nne: rais 2020, marekebisho namba 2 ya mwaka 2022, gavana 2023, marekebisho namba 2 ya mwaka 2024 (yale ya shule, usiyachanganye, yote yaliitwa namba 2).

Andika idadi za kura, asilimia baadaye. Watu wanakosea hapo: wanaona asilimia imeshuka wanadhani watu wamegeuka, kumbe wamebaki nyumbani. Pili, jumlisha wagombea wote. Mwaka 2019 yule wa chama kidogo cha Libertarian alipata kura zaidi ya 28,000 ilhali tofauti ilikuwa 5,136. Tatu, kwenye marekebisho wengine huacha wazi, kwa hiyo jumla ya kura za swali ni ndogo kuliko za rais siku ileile.

#35 BintiUvira_Lex
Kuacha wazi kunatokana pia na mafiga matatu. Kentucky bado ina kisanduku cha juu: tia wino kwenye chama, nafasi zote za chama hicho zimejazwa. Ila kisanduku hakigusi majaji, bodi ya shule wala marekebisho ya katiba, na mara nyingi hayo yako nyuma ya karatasi. Mtu anatia wino mmoja, anakwenda zake. Geuza karatasi!

#36 Kipanga_TX
Wakenya wanaita suti. 😂 Mzee, hayo ya shule 2024 yalikwendaje?

#37 Mzee_wa_Bluegrass
Yalikataliwa kwa karibu asilimia 65. Na yalishindwa katika kaunti zote 120. Zote. Siku ileile Trump alishinda 118.

#38 Nyota_ya_Kaskazini
Duh. Hiyo naitafuna taratibu. Bado nasema walikuwa wanalinda ajira za shule (#9), si siasa za Democratic.

#39 Mwl_Owensboro
Na mimi nasema kulinda shule ya kijiji ni siasa. Haina rangi mliyoizoea tu.

#40 Kipanga_TX
Mwalimu umeruka hatua. Kama haina rangi, kwa nini bunge lililotaka kupitisha ndilo hilohilo linarudishwa kwa viti 80?

#41 Juma_wa_Makaa
Kwa sababu viti vingi havina mpinzani Novemba. Turudi Mei, turudi 31 Desemba, turudi #19.

#42 Chifu_Kuku
Sasa zamu yangu. Huyo Kipanga wa Texas asitufundishe, maana Februari 2025 walitangaza makao makuu ya KFC ya Marekani yanahama Louisville kwenda Plano. Siasa mmetuachia, kuku mmechukua.

#43 Kipanga_TX
😂😂 Duka la kwanza la leseni lilifunguliwa Salt Lake City, Utah, 1952. Kuku hakuwahi kuwa wenu.

#44 Chifu_Kuku
Alianzia Corbin! Na nataka kujaza jedwali la mzee kwa heshima ya kuku. Corbin ni kaunti gani?

#45 Mzee_wa_Bluegrass
Mji umekaa zaidi Whitley na Knox. Ila mgahawa wenyewe wa Sanders, mwanzilishi wa KFC, uko North Corbin, kaunti ya Laurel. Anza na Laurel, safu nne, kura kwanza.

#46 Chifu_Kuku
Nimefungua. Hii PDF ina kurasa ngapi jamani.